Sura ya Sita: Soko Kwanza, Tamasha Baadaye

Tamasha la amani halikosi fulana. Kijana akijiandikisha kusaidia, hupewa fulana yenye picha ya njiwa, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na kazi: kupanga viti, kugawa maji, kuwaelekeza wageni vyooni, kushika kamba ili watoto wasivamie jukwaa. Ni kazi ya heshima na sitaki mtu aidharau. Lakini sura hii inahusu mahali ambako fulana zilikuja mwisho kabisa, baada ya miaka ya kazi ambayo hakuna aliyeipiga picha. Mahali penyewe ni Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, na walioianza kazi hiyo ni wanawake ambao idadi yao haikufika kumi na watano.

Wajir ilikuwa imezoea kutawaliwa kwa bunduki. Hali ya hatari ilitangazwa huko mwishoni mwa Desemba 1963, Kenya ikiwa na majuma mawili tu ya uhuru, na haikuondolewa hadi 1991. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vilikwisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari zikabaki. Ni chini ya sheria hizo ambapo, Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache kutoka mjini, wakawavua nguo, wakawanyima maji na chakula kwa siku kadhaa juani, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Makadirio mengine yanafika 5,000.

Waliotoka kwenda kuokota maiti na majeruhi porini walikuwa watu wa kujitolea. Miongoni mwao alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyefika Kenya 1969 na kuishi Wajir akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Utaratibu wake wa kuwaweka wagonjwa wa kuhamahama karibu na kituo, wakinywa dawa mbele ya mhudumu hadi wamalize, baadaye ulikuja kuwa somo kwa dunia nzima. Baada ya Wagalla hakunyamaza, na hatimaye ikambidi aondoke Kenya. Aliendelea na kazi ile ile Somalia hadi alipopigwa risasi na kuuawa mjini Borama, Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya kuwahudumia wakimbizi. Namtaja hapa kwa sababu Wajir watu walijitolea kwa ajili ya haki kabla hawajajitolea kwa ajili ya amani. Kumbeba maiti ambaye serikali inasema hayupo ni kazi ya haki, na waliobaki hai hawakuisahau.

Kisha matatizo yakaja kwa mpigo. Januari 1991 serikali ya Siad Barre wa Somalia ilianguka Mogadishu, na wakimbizi wakavuka mpaka pamoja na bunduki. Ukame wa 1991 na 1992 ukamaliza mifugo, na familia zilizokuwa na mamia ya ng'ombe zikahamia pembezoni mwa mji zikiwa mikono mitupu. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukageuza kila kiti cha ubunge kuwa hesabu ya ukoo. Waajuran, Wadegodia na Waogaden, waliokuwa wakigombania visima na malisho tangu zamani na kupatana chini ya miti, sasa waligombana wakiwa na silaha za vita. Waliokufa katika miaka ile ni zaidi ya elfu moja. Walimu wasio wenyeji walihama, magari ya misaada yakaporwa.

Usiku mmoja wa mapigano, mama mmoja kijana alimchukua bintiye wakalala chini ya kitanda huku risasi zikipita chumbani. Aliitwa Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Kulipokucha, mama yake mzazi alimkumbusha kwamba naye alimficha Dekha chini ya kitanda vivyo hivyo mwaka 1966, wakati wa vita vya Shifta. Yaani vizazi vitatu vya wanawake wa nyumba moja vilikuwa vimejificha namna hiyo. Dekha alisimulia kisa hiki mara nyingi baadaye, na kila aliyemsikia alielewa kwamba uamuzi wake ulitoka hapo. Aliwatafuta wenzake wa koo nyingine, waliokuwa wakikutana harusini na kazini, wakakaa na kujiuliza waanzie wapi.

Wangeweza kuanza na maandamano. Wangeweza kuitisha mkutano wa hadhara, wamwalike mkuu wa wilaya, wapige ngoma. Walianza na soko.

Hapa nataka tukae kidogo. Katika mji wa wafugaji, soko ni mali ya wanawake. Maziwa ya ngamia, kuni, mboga, samli, majani ya chai: wanaouza ni akina mama na wanaonunua ni akina mama. Vita vilipopamba moto, soko nalo liligawanyika. Mama wa ukoo huu hakuuziwa na mama wa ukoo ule, wengine walitukanwa, wengine waliogopa hata kufika. Tafakari maana yake kwa mwanamke aliyetoka alfajiri na maziwa mgongoni: jua likipanda kabla hajauza, yale maziwa yanamharibikia, na jioni watoto hawali. Wakati huo huo, mwenye kuhitaji maziwa yuko hatua ishirini kutoka pale alipoketi, na hawezi kuyanunua.

Lengo la kwanza la kundi lile lilikuwa dogo na lililo wazi: mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuja sokoni, auze, anunue, arudi nyumbani salama. Waliweka waangalizi, wanawake wenzao waliokuwa sokoni kila siku hata hivyo. Kazi yao ilikuwa kuangalia nani anakataliwa, nani ananyanyaswa kwa sababu ya ukoo wake au anakotoka. Kikitokea kitu, taarifa ilifika kwa kamati ndogo ya wanawake, nao walikwenda papo hapo kuzungumza na pande mbili, kabla neno halijafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki. Walifanya hivyo leo, kesho na kesho kutwa. Baada ya muda si mrefu soko likawa mahali pekee mjini ambapo koo zote zilisimama pamoja bila mtu kulazimika kueleza amefuata nini.

Hakuna aliyelipwa. Hakukuwa na ofisi wala gari. Muda walioutoa ulikatwa kwenye biashara zao wenyewe, na hatari waliyobeba ilikuwa ya pande mbili, maana mwanamke anayemtetea mama wa ukoo adui huulizwa na ndugu zake mwenyewe yuko upande gani. Kujitolea kwa aina hii kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyowafanya wasikilizwe. Aliyekwisha kupoteza kitu kwa ajili ya jambo hahitaji kuthibitisha kwamba analiamini.

Kutoka sokoni waliingia kwa wazee. Ilihitaji busara, kwa kuwa katika mila zao kufanya suluhu ni kazi ya wanaume. Hawakugombania kiti cha uenyekiti. Waliwakutanisha wazee wa koo zote, na mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa tishio kwa yeyote, ndiye aliyewasemesha wakubwa. Mwezi Septemba 1993 wazee walitia saini Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kurudisha amani na ya namna ya kuishi pamoja. Vijana nao wakaunda kundi lao, wakasema bila kuficha kwamba mtu asiye na kazi hawezi kuambiwa tu aweke bunduki chini, na wafanyabiashara wakaombwa wachange. Serikali haikuachwa nje: ilialikwa iandamane na kazi hiyo bila kuikalia. Mwaka 1995 makundi yote yaliungana kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya mwavuli wa kamati ya maendeleo ya wilaya. Kulikuwa hata na kikosi cha dharura cha wazee, viongozi wa dini, wanawake na maofisa wa usalama. Mauaji yakitokea popote wilayani, kikosi hicho kilikwenda haraka kabla ya kisasi.

Ndipo tamasha likaja. Kila mwaka watu wa Wajir walikusanyika kuadhimisha amani, na jambo linalonivutia zaidi katika maadhimisho yale ni zawadi. Walitunukiwa machifu ambao maeneo yao yalikuwa yametulia zaidi. Mtu alisimamishwa mbele ya koo zote akapongezwa kwa kazi inayojulikana, ambayo kila aliyekuwepo angeweza kuikanusha kama ingekuwa uongo. Tamasha lilikuwa siku ya kutoa hesabu. Chifu aliyekosa zawadi alirudi kwake akijua kwa nini, na watu wake walijua pia.

Hii ndiyo hoja yangu katika sura nzima. Tamasha la amani lina nguvu pale linapofuata kazi. Likitangulia kazi, au likichukua nafasi yake, linakuwa mapumziko ya siku moja baina ya maadui. Nimeyaona matamasha ya aina zote mbili, na tofauti huijua asubuhi, kabla hotuba hazijaanza.

Huijua kwa viti. Nimejitolea katika siku za amani kadhaa huko kaskazini, na kazi niliyopewa mara nyingi ni ya kukaribisha watu. Ukiwaacha waketi watakavyo, kufikia saa nne kila ukoo utakuwa na hema lake, na mchana kutwa watatazamana kama timu mbili. Mtu mgeni anayeshika karatasi ya mpangilio hawezi kulitatua hilo. Anayeweza ni yule anayewajua watu kwa majina: anamshika mzee mkono, anamwuliza habari za ngamia wake, na huku akizungumza anamketisha kando ya mzee mwingine waliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni. Wakati wa chakula ni hivyo hivyo. Wali na nyama huletwa kwenye sinia, watu watano au sita wanakula pamoja kwa mkono. Nani ananawa na nani, nani anakaribishwa kwenye sinia lipi, hilo ndilo tamasha lenyewe. Nimewahi kumwona mama mmoja wa kujitolea akizunguka na birika la kunawia na beseni, akiita mmoja mmoja kwa jina, na kwa kila aliyemnawisha akimwonyesha pa kukaa. Hakuna aliyemkatalia. Alipomaliza, hapakuwa na sinia hata moja la ukoo mmoja. Hotuba ya mgeni rasmi siku ile ilichukua karibu saa nzima, na haikufanya hata nusu ya kazi ya lile birika.

Mama yule asingeweza kufanya vile kama asingekuwa amekwenda kwenye matanga ya watu wale, akawachangia harusi na kuwauzia kwa mkopo. Ndiyo maana nasema watu wa kujitolea hawaajiriwi kutoka mji mkuu kwa siku mbili.

Yapo matamasha makubwa ambayo yamelifahamu hili kwa njia yao. Goma, mashariki mwa Kongo, kulianzishwa Tamasha la Amani la muziki na ngoma, ambalo toleo lake la kwanza lilikwamishwa na vita vya waasi wa M23 mwaka 2013 na kufanyika Februari 2014 katika uwanja wa shule ya Mwanga. Kiingilio kiliwekwa kuwa dola moja, ili kijana wa mtaani aweze kuingia, na wasanii walitoka Kongo, Rwanda na Burundi. Walioliendesha uwanjani walikuwa mamia ya vijana wa Goma waliojitolea. Katika mji ambao kijana hutafutwa zaidi na wenye bunduki kuliko na mwajiri, kumpa mamia ya vijana wenzake, ratiba na dhamana ya lango ni jambo kubwa. Sidai kwamba muziki unasimamisha mizinga; Goma ilitekwa na waasi hao hao Januari 2025. Nadai tu kwamba vijana wale walikwisha kujifunza kusimamia umati wa maelfu bila kumpiga mtu, na ujuzi huo hautekwi.

Sasa suala la haki, ambalo waandaaji wengi wa matamasha hulikwepa kwa kuogopa kuharibu siku.

Mwaka 2001, wawakilishi wa jamii za kaskazini mwa Kenya walikubaliana kwenye Azimio la Modogashe. Kati ya mengine, liliweka fidia ya uhai: ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Azimio hilo lilizuia visasi vingi na silipuuzi. Lakini soma tena tarakimu hizo ukiwakumbuka wanawake wa sokoni. Wao ndio walioifungua njia, na uhai wao ukaandikwa nusu. Tena, fidia hulipwa na ukoo mzima, kwa hiyo muuaji anaweza kurudi nyumbani bila kukanyaga mahakama. Familia ya aliyeuawa inapata mifugo, jirani wanapata utulivu, lakini mjane hajaulizwa alichotaka. Tamasha la amani ambalo mjane huyo hana nafasi ya kusema hivyo kwenye kipaza sauti limemwomba anyamaze kwa niaba ya watu wote.

Na Wagalla bado ipo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013 na kuyaita yaliyotendeka pale kwa jina lake, yaani ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Kila Februari manusura na jamaa zao hukumbuka. Wanaoandaa kumbukumbu hizo nao ni watu wa kujitolea, wengine wazee waliokuwa vijana kwenye uwanja ule wa ndege. Kila ninapokutana na mwandalizi wa tamasha anayesema kwamba mambo ya zamani yatawasha moto, namwambia aende akawasikilize. Moto huwashwa na jambo lililofunikwa.

Kazi ya Wajir ilisambaa. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliunda kamati ya kitaifa ya uelekezi katika masuala ya amani, na mfano wa kamati za amani za wilaya ukapelekwa katika maeneo mengine. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikuwa Nairobi pamoja na balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, na George Wachira. Waliunda kundi la raia wanaojali amani, wakaweka mlango wazi kwa kila mwenye wazo, kila asubuhi, na wakawatafuta viongozi wa pande zote. Mwaka huo wa 2007 Dekha alikuwa ametunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani iliyompata akiwa safarini kuelekea Garissa.

Pamoja na kusambaa, kitu kimoja kilipungua. Kamati zilipoanza kupata wafadhili, ilikuja posho ya kikao. Sisemi watu wafanye kazi wakiwa na njaa. Nauli na chakula ni haki ya anayejitolea, na mwandalizi asiyevitoa anamdhulumu maskini. Lakini pale posho inapokuwa kubwa kuliko kipato cha siku, wanaokuja kwenye kamati hubadilika. Mwenye uhusiano na mkubwa humsukuma mwenye uhusiano na jirani. Muuza maziwa anatoka, mtu wa siasa anaingia. Kikao kinafanyika hotelini wakati soko halina mwangalizi. Mwaka 2014, koo za Wagarre na Wadegodia ziliuana tena huko Mandera na Wajir, maelfu wakahama makwao. Kamati zilikuwepo kwenye karatasi.

Umoja wa Mataifa umeiweka Septemba 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Amani, na kila mwaka mahali pengi Afrika Mashariki huandaliwa tamasha siku hiyo. Ukiitwa kujitolea, kubali. Panga viti, beba birika, jifunze majina ya watu. Ila kabla hujaandikisha jina lako, mwulize mwandalizi mambo mawili: nani atakuwa sokoni tarehe 22, na akimwona mama ananyimwa bidhaa kwa sababu ya kabila lake, atapeleka taarifa kwa nani? Kama hana jibu, tafuta wenzako watatu wa makabila mengine muanze kazi hiyo wenyewe, wala msisubiri barua ya mtu.